Profesa Aliyeogopa Darasa

Mliowahi kuzunguka maonyesho ya Canton hapa Pazhou mpaka miguu ikawaka moto, mnaijua ile miwani mikubwa ya uhalisia pepe. Ukiivaa unanyoosha mkono kushika kitu ambacho hakipo. Jamani, aliyeanzisha mambo hayo alizaliwa 1802!

Ni Charles Wheatstone, Mwingereza kutoka karibu na Gloucester. Chuo kikuu hakusoma. Alijifunza kazi katika duka la ala za muziki la ami yake, London, na baadaye akabuni konsatina. Mwaka 1834 King's College ya London ikampa uprofesa.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mbele ya watu, bwana huyu alikuwa anakauka ulimi. Mwaka 1835 alitoa mihadhara minane kuhusu sauti, na haukupita muda akaacha kufundisha. Mara nyingi rafiki yake Michael Faraday ndiye aliyesimama kuwaeleza watu uvumbuzi wake.

Lakini mikono yake ilisema. Mwaka 1837 yeye na William Cooke walipata hataza ya telegrafu ya umeme. Mwaka 1838 akaeleza stereoskopu: vioo viwili, mchoro mmoja kila upande. Macho yetu yameachana kama sentimita 6, kwa hiyo kila moja huona kitu kwa pembe tofauti kidogo, na ubongo huunganisha ukapata kina. Picha za kamera zilikuwa bado hazijatangazwa, ikabidi atumie michoro ya mistari tu.

Na ile saketi ya kupimia ukinzani tuliyoikariri, yenye jina lake? Aliibuni Samuel Christie mwaka 1833, na Wheatstone mwenyewe alimtaja. Alifariki Paris, 1875.

Mimi nasaidia maabara ya michoro ya kompyuta, kwa Kichina changu cha kuokoteza. Muhula uliopita wanafunzi walipeleka picha ileile kwa macho yote mawili, wakashangaa chumba kimekuwa bapa kama bango. Maneno yakanikimbia. Nikachora kijisanduku mara mbili kwenye karatasi, pembe tofauti kidogo, nikawaonyesha kulegeza macho mpaka katikati kitokee cha tatu. Kikainuka! Wakarudi kwenye programu, wakaongeza kamera ya pili.

Basi, ndugu yangu unayetetemeka kusimama mbele ya darasa la wenyeji, usikate tamaa. Chukua kalamu, chora.