René Carmille na Kadi Zenye Matundu

Wako mashujaa waliopigana kwa bunduki, na wako waliopigana kwa kalamu. René Carmille wa Ufaransa alipigana kwa kadi za karatasi zenye matundu.

Alizaliwa mwaka 1886 katika kijiji cha Trémolat. Alisoma École Polytechnique, chuo mashuhuri kilichokuwa Paris wakati huo, kisha akawa mkaguzi wa mahesabu ya jeshi. Katika kazi hiyo alizijua sana mashine zilizosoma matundu ya kadi na kuhesabu upesi kuliko makarani.

Mwaka 1940 Ujerumani iliishinda Ufaransa. Carmille akapewa idara mpya ya kuhesabu watu, nayo mwaka 1941 ikawa Idara ya Taifa ya Takwimu, yenye makao yake Lyon. Kwa siri alitayarisha orodha ya wanaume wa kuitwa vitani siku ya kuikomboa nchi. Ndiye aliyetunga namba ya kila mtu, ambayo ilikuja kuwa na tarakimu 13.

Lakini katika fomu za idara hiyo za mwaka 1941 watu waliulizwa pia kama ni Wayahudi. Jibu la swali hilo lingeweza kumpeleka mtu kifoni. Huko Paris, polisi walitumia orodha yao wenyewe kuwakamata Wayahudi kwa maelfu mwezi wa Julai 1942. Orodha ya mashine za Carmille haikutokea. Wengi husema aliichelewesha kwa makusudi. Wanahistoria hawajaacha kubishana juu ya jambo hilo.

Lisilobishaniwa ni mwisho wake. Alikamatwa Lyon tarehe 3 Februari 1944, akapelekwa katika kambi ya Dachau, akafa huko tarehe 25 Januari 1945.

Namba yake haikufa. Mwaka 1974 ilijulikana kwamba serikali ilikusudia kuitumia kuunganisha majalada yote ya raia, katika mpango ulioitwa SAFARI. Wananchi walipiga kelele, na mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kulinda habari za watu.

Basi, sisi tunaojifunza hesabu tukumbuke kwamba nyuma ya kila tarakimu yuko mtu. Anayeshika orodha ya majina ameshika roho za wenye majina hayo. Na kabla ya kuuliza swali, yampasa kufikiri ni nani atakayelisoma jibu.