Napoleon kisiwani Elba: ufalme wa miezi kumi uliokosa pesa

Tarehe 4 Mei 1814, Napoleon Bonaparte alishuka kwenye bandari ya Portoferraio. Mtu aliyetawala sehemu kubwa ya Ulaya alikuwa amebakiwa na kisiwa cha kilomita za mraba 224 hivi, chenye wakaaji karibu elfu 12, kati ya Italia na Corsica, alikozaliwa mwaka 1769.

Nchi zilizomshinda hazikumfunga gerezani. Mkataba wa Fontainebleau, wa mwezi wa Aprili, ulimwachia cheo cha kaisari na kumpa Elba aitawale hadi kufa. Tena ulimwahidi faranga milioni mbili kila mwaka kutoka serikali ya Ufaransa.

Alianza kazi mara moja, kana kwamba nchi ni kubwa. Alichagua bendera nyeupe yenye mstari mwekundu wa mshazari na nyuki watatu wa rangi ya dhahabu. Alitengeneza barabara, akahimiza watu kupanda miti, akafuata kwa karibu mapato ya machimbo ya chuma ya Rio. Lakini alikuwa na askari wapata elfu moja wa kulisha na kulipa, na machimbo hayakutosha. Watu wa Capoliveri walipokataa kulipa kodi, aliwapelekea askari.

Mama yake Letizia na dada yake Pauline walikuja kuishi naye. Mke wake Marie Louise, binti wa kaisari wa Austria, alibaki kwa baba yake pamoja na mtoto.

Zile milioni mbili nazo hazikufika. Mfalme mpya wa Ufaransa, Louis XVIII, hakutuma hata faranga moja, na kwa kubana pesa hizo alimpa adui yake sababu ya kurudi. Huko Vienna, wajumbe wa mataifa walikuwa wakizungumzia pia kumhamishia mbali zaidi.

Tarehe 26 Februari 1815, Campbell, afisa Mwingereza aliyemchunga, alikuwa amekwenda Italia bara. Usiku huo Napoleon aliondoka na askari wake katika merikebu chache. Tarehe 20 Machi aliingia Paris. Mfalme alikuwa amekwisha kimbia.

Tarehe 18 Juni alishindwa Waterloo. Safari hii hakupewa nchi yoyote: Waingereza walimpeleka Saint Helena, katikati ya Atlantiki, akafia huko tarehe 5 Mei 1821. Elba ilipewa Toscana.