Alfred Wilm: mtu aliyefanya aluminiumu iwe ngumu

Kutoka Luberizi mpaka Uvira, karibu kila jiko lina aluminiumu: sufuria, mifuniko, vijiko. Hiyo ni laini, ukiiangusha inabonyea. Ile ya ndege ni ngumu, na njia yake ilianzia kwa Mjerumani Alfred Wilm, aliyezaliwa mwaka 1869 kule Silesia.

Mwaka 1906, akiwa kazini Neubabelsberg karibu na Berlin, Wilm alichanganya aluminiumu na shaba, karibu 4 kwa 100, pamoja na magnesiamu kidogo. Akaipasha moto mkali, kisha akaizamisha majini. Siku ya posho ikapimwa: bado laini. Jumatatu kipande kilekile kikapimwa tena: kimeshakuwa kigumu chenyewe.

Kiwanda cha mji wa Düren kikanunua haki, nayo metali ikaitwa Duralumin. Mifupa ya ndege kubwa za Zeppelin ilitengenezwa nayo. Novemba 1917, moja yao, L59, ilitoka Bulgaria kupelekea askari wa Lettow-Vorbeck dawa na risasi. Ni jeshi lile ambalo Force Publique ya Kongo ililiondoa Tabora mwaka 1916. Ilifika Sudani, ikageuka nyuma. Saa 95 hewani bila kutua.

Lakini shaba iliyoleta nguvu ilileta pia ugonjwa. Ndani, metali imejengwa kwa punje ndogondogo, kama matofali ya nyumba. Ikipoa polepole, shaba inajikusanya kwenye mipaka ya punje, na chumvi inakula kando ya mipaka hiyo. Juu unaona safi, ndani ukuta umeoza.

Mwaka 1923 Waingereza Bengough na Stuart walipata kinga: kuiweka ndani ya asidi na kupitisha umeme mpaka iote ngozi ngumu. Kazi hiyo ni anodizasio. Hata hivyo, penye chembe za shaba ngozi haioti sawasawa. Ndiyo maana kupoza haraka kunabaki lazima.

Wilm aliacha metali mwaka 1919, akawa mkulima. Alikufa mwaka 1937. Mwaka uliofuata Guinier na Preston, kila mmoja kwao, walionyesha kwa miale ya X jinsi shaba inavyojipanga ndani.

Kwa mafundi wetu wanaoyeyusha vyuma vikuukuu, funzo liko wazi: ukitupa nyaya za shaba ndani ya aluminiumu, unaweza kupata ugumu, lakini unafungulia kutu mlango.