Dhahabu ya Barghash, shaba ya Kibirichia

Msomaji wangu, juzi nilipanda hadi Kibirichia, Meru, kutafuta viazi. Baridi ya Mlima Kenya ilinikuta na kanzu nyepesi. Mzee mwenye shamba aliposikia natoka Pwani akanitolea sarafu iliyofungwa kitambaani, akitaka nimwambie kama ni dhahabu. Upande mmoja mizani, upande wa pili Kiarabu. Nikaijua mara moja. Ni ya Sayyid Barghash bin Said.

Barghash alizaliwa yapata 1837. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua nduguye Majid, na dada yao Salme alikuwa upande wake. Akashindwa, Waingereza wakamhamishia Bombay miaka miwili. Mimi naamini kukaa kule kulimfungua macho, kwani alipopata kiti mwaka 1870 alivuta maji ya chemchemi hadi mjini Unguja, kisha akajenga Beit al-Ajaib. Lakini mikono yake ilikuwa imefungwa. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu, na mwaka uliofuata Waingereza walimtishia kwa manowari mpaka akafunga soko la watumwa, soko ambalo halikustahili kuwapo hata siku moja.

Na sarafu je? Watu wake walikuwa wakitumia rupia za Bara Hindi na riyali ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyekufa zamani, riyali ambayo kila ikitengenezwa huandikwa 1780. Sultani gani huyo asiye na jina kwenye fedha ya nchi yake? Basi mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, akatoa zake: dhahabu za riyali tano na za riyali mbili na nusu, riyali ya fedha, na pesa ya shaba. Dhahabu zilikuwa chache mno, na wafanyabiashara hawakuiacha rupia. Iliyoshika sokoni ni ile ya shaba, akaitoa tena mwaka 1304. Neno lenyewe, pesa, lilitangulia kuja na paisa za Wahindi, likapanda bara. Wameru leo wanasema mbeca.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara, wakamwachia ukanda wa maili kumi. Kibirichia hata hapo awali haikuwa yake. Alifariki Machi 1888, Allah amrehemu. Zile dhahabu zake siku hizi zikitokea mnadani, wakusanyaji huzigombea kwa maelfu ya dola.

Ilinibidi nimwambie mzee ukweli, kwamba yake ni shaba. Alinyamaza kidogo, nahisi kuna mtu alikuwa amemjaza matumaini. Kisha akaniomba nimsomee lile jina, nikamsomea mara mbili. Akaifunga tena kitambaani, akaitia mfukoni, akanihesabia magunia yangu bila kupunguza hata shilingi.