Claude Bourgelat: Mwalimu wa farasi aliyetuachia daktari wa mifugo

Msikilizaji, ng'ombe akigoma kula, au punda akianza kuchechemea na madumu ya maji mgongoni, mtu unayemfikiria haraka ni bwana au bibi mifugo. Unajua kwamba amekwenda chuo. Ameonyeshwa viungo vya mnyama, amefundishwa dawa, amefanya mitihani na kupewa cheti. Tumelizoea jambo hili mpaka tunaona kama lilikuwepo tangu zamani.

Halikuwepo. Miaka 300 iliyopita, Ulaya nzima haikuwa na shule hata moja ya kumfundisha mtu kutibu wanyama. Aliyeianzisha ya kwanza alikuwa Mfaransa, Claude Bourgelat, na hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kupanda farasi. Makala haya yanaeleza maisha yake, na jinsi kazi yake ilivyofika hadi kwenye mazizi ya Afrika Mashariki.

Kijana wa Lyon

Bourgelat alizaliwa mwezi Machi 1712 katika mji wa Lyon, kusini mashariki mwa Ufaransa. Wakati huo farasi ndiye aliyekuwa gari, trekta na kifaru cha vita. Alivuta jembe na mkokoteni wa mazao, alibeba barua za mfalme, alikwenda vitani na askari. Mkulima aliyepoteza farasi au maksai wake alipoteza msimu mzima.

Mwaka 1740 Bourgelat alikabidhiwa uongozi wa shule ya upandaji farasi ya Lyon. Shule hiyo ilikuwa ya watoto wa makabaila. Walijifunza kukaa vizuri kwenye tandiko, kushika hatamu, kutumia upanga na kuwa na adabu za watu wakubwa. Bourgelat alisifika. Mwaka 1744 alitoa kitabu cha sanaa ya kupanda farasi, na jina lake likaanza kusikika nje ya mji.

Angeweza kutosheka hapo. Alikuwa na cheo, kipato na wanafunzi wa familia tajiri. Lakini kuna jambo lilimsumbua: farasi wakiumwa, hapakuwa na wa kumwendea mwenye elimu ya kutosha. Farasi alitibiwa na fundi yuleyule aliyempiga viatu vya chuma. Wengine kati ya mafundi hao walikuwa hodari sana katika kazi ya kwato, lakini ndani ya mwili wa mnyama walikisia tu. Walimtoa damu, wakamchoma kwa chuma cha moto, wakamnywesha dawa alizoachiwa mtu na babu yake. Farasi akipona, sifa kwa fundi. Akifa, ndiyo siku zake zilikuwa zimefika.

Tuseme ukweli hapa: Bourgelat hakuwa mtu wa kwanza duniani kuandika juu ya tiba ya farasi. Waarabu walikuwa na vitabu vya kazi hiyo karne nyingi kabla yake, na walikuwa na neno maalumu kwa tabibu wa wanyama, yaani baytar. Kilichokosekana ni mahali ambapo maarifa hayo yangefundishwa kwa mpangilio, mwaka hadi mwaka, kwa vijana wengi kwa pamoja.

Kuingia ndani ya mzoga

Bourgelat aliamua kuanza mwanzo. Alishirikiana na madaktari wa upasuaji wa binadamu wa mji wa Lyon, wakapasua mizoga ya farasi na kutazama kila kiungo: moyo, mapafu, utumbo, misuli ya miguu, mifupa midogo iliyofichwa ndani ya kwato. Wengi walidharau kazi hiyo. Mtu wa heshima zake kuingiza mikono kwenye mzoga haikuwa jambo la kawaida.

Matunda yake yalikuwa kitabu cha juzuu tatu juu ya elimu ya farasi, kilichotoka kati ya 1750 na 1753. Baada ya hapo wasomi wa Paris walimwomba aandike katika kamusi elezo kubwa iliyokuwa ikitayarishwa nchini humo, Encyclopédie. Aliiandikia makala zaidi ya 200 juu ya farasi, matunzo yake na ufundi wa viatu vyake.

Hata hivyo vitabu havikuweza kumfikia mkulima. Wengi wa wakulima wa Ufaransa hawakujua kusoma. Na karne hiyo ugonjwa mkubwa wa ng'ombe, ambao sisi tunauita sotoka, ulirudi Ulaya tena na tena na kumaliza mazizi ya vijiji vizima. Ng'ombe wakifa, hakuna maziwa, hakuna mbolea, hakuna wa kuvuta jembe. Kinachofuata ni njaa.

Shule katika nyumba ya wageni

Bourgelat alikuwa na rafiki mwenye nguvu serikalini, Henri Bertin, aliyewahi kuwa mtawala wa jimbo la Lyon kabla ya kupewa usimamizi wa fedha za mfalme. Bertin alielewa kwamba mifugo ikifa hata hazina ya mfalme inakauka. Tarehe 4 Agosti 1761, baraza la mfalme lilitoa idhini ya kufungua shule ya kufundisha tiba ya wanyama mjini Lyon. Bourgelat alikuwa na umri wa miaka 49.

Masomo yalianza mapema mwaka 1762. Jengo lilikuwa nyumba ya wageni ya zamani katika kitongoji cha La Guillotière. Na wanafunzi hawakuwa wale watoto wa makabaila. Wengi walikuwa vijana wa vijijini na watoto wa mafundi wa viatu vya farasi, waliotumwa na majimbo yao wakajifunze kisha warudi kuwahudumia watu wa kwao. Baadhi waliweza kusoma na kuandika kwa shida.

Walisoma nini? Kwanza, umbo la nje la farasi: namna anavyosimama, anavyokanyaga, miguu iliyonyooka na iliyopinda. Pili, viungo vya ndani, kwa kupasua mizoga kwa mikono yao wenyewe. Tatu, mimea ya dawa. Nne, kazi ya karakana, yaani kufua chuma, kuchonga kwato na kupiga viatu. Na walitibu wanyama wagonjwa walioletwa shuleni.

Mengi ya masomo hayo bado yanafundishwa leo kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa elimu ya farasi, na mwenye punda pia yatamfaa, kwa sababu farasi na punda ni ndugu. Wote wana tumbo moja, si kama ng'ombe anayecheua. Tumbo hilo ni dogo, kwa hiyo wanahitaji kula kidogo kidogo kwa muda mrefu wa siku. Hawawezi kutapika, ndiyo maana chakula kilichooza kinaweza kuwaua. Umri wao husomwa kwenye meno ya mbele: meno ya utotoni huanza kung'oka kwenye umri wa miaka miwili na nusu hivi, na kufikia miaka mitano mnyama ana meno yote ya ukubwani. Kwato hukua kama kucha zetu, na zisipopunguzwa mnyama hukanyaga vibaya mpaka miguu inaharibika. Wazee wetu walisema shukrani ya punda ni mateke, lakini mara nyingine punda anapiga mateke kwa sababu kwato inamuuma na hakuna aliyeiinua kuitazama.

Haikupita muda mrefu kabla shule hiyo haijajaribiwa. Mwaka uleule wa 1762 wanafunzi wake walitumwa kwenye vijiji vya jimbo jirani la Dauphiné, ambako ugonjwa ulikuwa ukiua mifugo. Habari za kazi yao zilimfikia mfalme, na mwaka 1764 akairuhusu shule iitwe ya kifalme. Bourgelat alihamia Paris, na mwaka 1766 shule ya pili ikaanza kazi huko Alfort, nje kidogo ya mji huo. Shule zote mbili zipo mpaka leo, ingawa ile ya Lyon imehama kutoka mahali pake pa kwanza.

Mapungufu yake

Bourgelat alikuwa na wapinzani, na si wote waliomwonea. Philippe-Étienne Lafosse, mtoto wa fundi wa farasi wa mfalme na bingwa wa viungo vya farasi, alimpinga vikali. Alimwona kuwa mwalimu wa kupanda farasi anayejifanya tabibu. Honoré Fragonard, mwalimu wa viungo aliyekuwa naye tangu Lyon, aliondolewa Alfort mwaka 1771. Kufanya kazi chini ya Bourgelat hakukuwa rahisi.

Hata katika elimu yake kulikuwa na mahali palipoteleza. Bourgelat aliamini kwamba farasi mzuri ana vipimo maalumu. Alichukua urefu wa kichwa kama rula, akasema farasi kamili ana kimo cha vichwa viwili na nusu kutoka ardhini hadi mabegani, na urefu wa mwili uleule wa vichwa viwili na nusu. Usijaribu kipimo hicho kwa punda wako, maana kichwa chake ni kikubwa na utamwonea bure.

Aliyekuja kukipima kipimo hicho alitoka katika shule yake mwenyewe. Charles Vial de Sainbel alisoma Lyon, kisha akaenda Uingereza. Mwaka 1789 alifa Eclipse, farasi wa mashindano ambaye hakuwahi kushindwa. Sainbel alimpasua na kumpima kiungo kwa kiungo, akakuta kwamba vipimo vyake havilingani na jedwali la Bourgelat. Farasi aliyewashinda wote hakuwa na umbo ambalo mwalimu alilitaja kuwa kamili. Sainbel aliandika alichokiona. Alichofanya ndicho alichofundishwa: usiamini tu, fungua, pima, kisha sema.

Kutoka Lyon hadi Muguga

Sifa za shule zilivuka mipaka upesi. Nchi nyingine zilituma vijana wao kusoma Ufaransa, na waliporudi makwao walianzisha shule. Turin ilipata yake, Copenhagen ikapata mwaka 1773, Sweden ikafuata. London ilifungua chuo chake mwaka 1791, na kiongozi wa kwanza wa mafunzo akawa Sainbel. Hakukaa muda mrefu. Alifariki mwaka 1793 kwa ugonjwa hatari wa farasi ambao humwambukiza pia binadamu.

Na sasa tunafika nyumbani. Miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki na kuangamiza ng'ombe. Wamaasai na wafugaji wengine walipoteza karibu kila kitu, njaa ikafuata, na nyati wa porini nao wakafa kwa wingi. Wazee wa jamii za wafugaji wameisimulia habari hiyo kizazi baada ya kizazi.

Zaidi ya nusu karne baadaye, daktari wa mifugo Mwingereza, Walter Plowright, alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Muguga, Kenya. Yeye na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka ambayo dozi moja ilimkinga ng'ombe maisha yake yote. Plowright alikuwa amehitimu katika chuo kilekile cha London kilichoanza na Sainbel. Kisa cha mwisho cha sotoka kuthibitishwa duniani kilipatikana nchini Kenya mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kutokomezwa na binadamu, na tangazo hilo lilikuja mwaka uleule madaktari wa mifugo walipokuwa wakiadhimisha miaka 250 ya idhini ya shule ya Lyon.

Bourgelat hakuona hata sehemu ndogo ya hayo. Alifariki tarehe 3 Januari 1779, akiwa na umri wa miaka 66. Miaka miwili kabla, mwaka 1777, zilitoka kanuni za shule zake. Zilimtaka mhitimu awe mwaminifu, amtofautishe tajiri na maskini wakati wa kudai malipo, na asiuze kwa bei ya juu ujuzi alioupata kwa msaada wa nchi yake. Zilimkumbusha kwamba utajiri wa mtu hauko sana katika mali aliyonayo bali katika wema anaoweza kuutenda.

Kwa hiyo, msikilizaji, mnyama wako akiumwa, kabla hujapiga simu kwa bwana au bibi mifugo, mtazame kama wanafunzi wale wa Lyon walivyofundishwa. Amesimamaje? Anaegemea mguu upi? Amekula? Kinyesi chake kikoje? Inua kwato uangalie chini yake. Maelezo hayo yatamsaidia mtaalamu kuja na dawa inayotakiwa. Na akishafika, usione aibu kumuuliza anachokifanya na kwa nini anakifanya. Kazi yake ilianza na mtu aliyekataa kukisia.