Ernest Stanley Salmon

Ernest Stanley Salmon (1871 – 1959) alikuwa mtaalamu wa kuvu na magonjwa ya mimea kutoka nchi ya Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuzalisha aina mpya za hopi zinazotumika kutengeneza bia. Aina nyingi za hopi chungu zinazolimwa leo zinatokana na miche aliyoiotesha katika chuo cha kilimo cha Wye, Kent.

Hopi na kazi yake

Hopi (*Humulus lupulus*) ni mmea wa familia moja na bangi, unaopanda juu ya kamba au nguzo. Miche dume na miche jike ni mbalimbali. Maua ya jike, yenye umbo la koni ndogo, hubeba unga wa njano uliojaa utomvu. Utomvu huo ukichemshwa pamoja na maji ya kimea huipa bia uchungu na kuzuia bakteria wasiiharibu, na mafuta yaliyomo huipa harufu. Jambo hili si geni kwetu: Wachagga hutia magome ya msesewe katika mbege ili kupata uchungu wa namna hiyohiyo.

Kazi yake Wye

Salmon alianza na kuvu, si bia. Mwaka 1900 alitoa kitabu kikubwa kuhusu kuvu wanaosababisha ubwiri unga, ugonjwa unaoshambulia pia mashamba ya hopi. Mwaka 1906 alihamia Wye, katikati ya eneo la wakulima wa hopi, na hapo akaanza kuzalisha aina mpya.

Tatizo la wakati ule lilikuwa hili. Hopi za Kiingereza, kama Golding na Fuggle, zilikuwa na harufu iliyopendwa lakini utomvu wao haukuwa mwingi. Hopi zilizoagizwa kutoka Marekani zilikuwa kali, ila harufu yake iliwachukiza Waingereza. Mtengenezaji bia alilazimika kuchagua kimoja, au kuzichanganya. Salmon alitaka nguvu ya Marekani na harufu ya Kent zikutane katika mche mmoja.

Mwaka 1916 alipokea kutoka Kanada kipandikizi cha hopi mwitu iliyoota Morden, jimbo la Manitoba. Aliyemtumia ni W. T. Macoun, mtaalamu wa bustani wa serikali ya nchi hiyo. Mche huo, uliopewa alama BB1, haukudumu: ulikufa katika majira ya baridi ya 1918/19. Kwa bahati mbegu zake zilikuwa zimekwisha kukusanywa mwaka 1918. Msomaji wa Pongwe, anayeishi kati ya mashamba ya mkonge, atakumbuka kisa kinachofanana na hiki: kati ya miche ya mkonge ambayo Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai Pangani mwaka 1893.

Kutokana na mbegu za BB1 zilipatikana Brewer's Gold, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1934, na Bullion mwaka 1938. Watengenezaji bia wengi wa Uingereza waliziona bado zina harufu ya Kimarekani. Kwa kweli lengo lake la kwanza lilitimia nusu tu: nguvu ilipatikana, harufu haikukubalika. Salmon hakuacha. Alichukua Golding ya Canterbury akaizalisha na dume wa ukoo wa Brewer's Gold, na mwaka 1944 ikatolewa Northern Brewer.

Kubadilisha aina moja kwa nyingine

Uchungu wa hopi hupimwa kwa asilimia ya asidi za alfa. Kama mapishi yanataka gramu 100 za hopi yenye asilimia 4, gramu 50 za hopi yenye asilimia 8 zitatoa uchungu unaokaribia uleule. Hesabu hiyo ni rahisi, lakini haisemi lolote kuhusu harufu. Ndiyo maana hopi kali hutiwa mapema katika kuchemsha, ambapo mafuta yake hupotea na mvuke, na hopi za harufu hutiwa mwishoni. Kwa utaratibu huo lawama dhidi ya hopi za Salmon zilipungua uzito.

Wakati mwingine mabadiliko hulazimishwa na shamba lenyewe. Ugonjwa wa mnyauko ulipoangamiza hopi za asili za Hallertau, Ujerumani, Northern Brewer ilikuwa mojawapo ya aina zilizopandwa badala yake. Nchini Marekani, Galena na Nugget zilizalishwa kutokana na Brewer's Gold.

Afrika

Tanzania hulima shayiri ya bia, kwa mfano Monduli na West Kilimanjaro, lakini hopi huagizwa kutoka nje. Mmea huu unahitaji baridi ya kupumzikia na mchana mrefu wa kiangazi ili utoe maua vizuri, na huku Tanga mchana mrefu kuliko yote unazidi ule mfupi kwa kama nusu saa tu. Hata George, mbali kusini mwa Afrika Kusini, wakulima wa hopi walilazimika kuwasha taa za umeme mashambani ili kurefusha mchana, hadi zilipopatikana aina zinazovumilia mchana mfupi.