PILIPILI MULONGOY, MTU WA NDEGE NA SAMAKI

Kila siku tunapita katika avenyu za Lubumbashi bila kukumbuka kama humu aliishi mtu ambaye tablo zake zinatafutwa hata Ulaya. Ndiye Pilipili Mulongoy. Jina ni la jikoni, lakini musicheke, maana kazi yake nayo ilikuwa mara nyingi juu ya chakula.

Alizaliwa mwaka 1914, mutoto wa mvuvi. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, ofisa wa zamani wa manowari, alifungua nyumba ya wachoraji hapa, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Nyumba ile iliitwa Le Hangar. Pilipili akaingia, pamoja na Bela na Mwenze Kibwanga. Bwana yule hakutaka wafuate tablo za Wazungu. Kila mtu achore yaliyo katika macho na kumbukumbu yake. Bela akapaka rangi kwa vidole, Mwenze kwa mistari mifupi mifupi. Pilipili akashika nyama wa pori na wa maji.

Tuangalie kidogo. Ndege analisha watoto wake, samaki wanapita kati ya majani, nyoka anafuata mayai. Kila mmoja anakula ao analiwa. Na nyuma yao hakuna mbingu wala udongo, iko paka nukta na mistari, pote pamejaa kama kitambaa. Ni sawa na ndoto, lakini mutoto wa mvuvi hakuota: ndivyo mtoni kulivyo.

Ulaya nako kulikuwa mchoraji wa ndoto na chakula, Salvador Dalí wa Hispania, aliyetoa kitabu cha mapishi mwaka 1973. Picha zake nyingi zilipigwa chapa: tuseme nakala 100, kila moja na namba yake, na jina la mchoraji kwa kreyo. Nakala zikiwa chache, bei inapanda. Lakini mwaka 1974 watu wa forodha wa Ufaransa walikamata gari lenye kartasi nyeupe kama 40,000, jina la Dalí limekwisha kuandikwa, picha bado! Tangu pale wanunuzi wanaogopa, na wana haki kuogopa.

Tablo ya Pilipili haina namba. Kila moja ni peke yake, na anayetaka kumwiga avumilie kwanza nukta zile zote.

Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954. Pilipili akaendelea katika Académie des Beaux-Arts, akafundisha vijana. Alikufa mwaka 2007. Mwaka 2015 tablo zake zilitundikwa Paris, kwenye Fondation Cartier, katika maonyesho makubwa ya wachoraji wa Kongo.

Tuliuliza katika darasa letu nani amekwisha kuona moja kwa macho yake. Wawili tu waliinua mkono, na mmoja aliiona katika kitabu.